Viwavi Wako Wamekosa Majani, Mama Zuhura

Mpendwa mke wangu, Mama Zuhura,

Huko kaburini najua unapumzika, maana hakuna wa kukupigia kelele kama mimi. Basi leo napiga. Mimi nasema, binti yetu Zuhura anaandika kwa simu yake, si unajua mumeo hakuonja shule. Nimemwambia barua hii aiweke wazi mtandaoni, mtaa wetu mzima wa Kisugu usome. Walinicheka wazi, wasome wazi.

Unakumbuka wale vipepeo weupe na wa njano? Mvua ikianza tu, wanatokea upande wa Ntinda, kundi nyuma ya kundi, wanapita juu ya bati letu kwenda ziwani. Hawageuki kulia, hawageuki kushoto. Mimi nasimama uani na fulana yangu yenye matundu, napiga amri kama niko paredi: "Mbele, tembea!" Nikawaambia watoto wa jirani ati ni mimi nawatuma, jeshi lilinipa hiyo kazi nilipostaafu. Wakaamini! Wewe ukatoa kichwa jikoni: "Waambie basi wageuke." Nikasema hao ni askari watiifu, hawageuki mpaka wafike. Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Unanicheka mimi, mtu aliyemkimbiza chui kule Gulu kwa sufuria tupu!

Na ile mti yako ya gasiya nyuma ya nyumba. Ulipanda wewe, nikajisifu nayo mimi. Vipepeo wengine walikuwa wanashuka hapo, wanataga kwa majani machanga, yai moja hapa, moja pale, halafu wanaenda zao. Siku si nyingi viwavi wamejaa, kijani, mstari wa njano ubavuni, wanakula ile mti mpaka inabaki mifupa. Nikataka kupuliza dawa. Ukanisimamia na mwiko: "Wewe unakula kuliko hao, mimi nimekupulizia?" Jamani banange, nikairudisha dawa dukani. Mti ukachipua tena, viwavi wakawa vipepeo, wakafuata njia ya wenzao. Ikawa hivyo miaka na miaka.

Sasa Juma, mtoto wako, anajenga vyumba vya kupangisha hapo nyuma. Nikamwambia mti wa mama yako uache.

"Baba, mti haulipi kodi."

"Na wewe tumboni mwa mama yako ulilipa?"

Mafundi wakacheka, na yeye akacheka. Nikajua nimeshinda. Nikaenda zangu kuswali Ijumaa, msikiti wa Old Kampala. Kurudi, mti uko chini, na viwavi wamejaa kwa matawi. Kumbe mzaha hauzuii shoka, Mama Zuhura. Nimezeeka na hii mdomo yangu, leo ndiyo nimejua.

Nikawaokota, nikawatia kwa beseni lako la bluu pamoja na matawi. Majani yakakauka. Nikawapa sukuma, wakakataa. Nikawapa majani ya mihogo, wakakataa. Nikaleta dodo, mchicha wetu ule, wakageuza kichwa kama wewe ukinusa pombe ya waragi. Hawa wana jani lao moja tu duniani. Nikazunguka Kisugu, beseni kichwani, naulizia gasiya, watu wananicheka. Kila mahali wamekata, wamejenga ukuta. Mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge akachungulia ndani ya beseni.

"Papa, unauzisha hizi? Kwetu tunakulaka, na chumvi."

"Hao ni ndugu za mke wangu!"

Akacheka. Halafu akaangalia tena. "Lakini papa, zinakufa."

Nikapanda boda mpaka Ntinda, kule walikokuwa wanatokea. Maduka na magari. Geti moja lilikuwa na mti kama ule, nikaomba tawi. Askari akasema, "Mzee, bosi hayupo, nenda." Nikaenda.

Hata vipepeo wanaopita mwaka huu ni mmoja mmoja, kama watu waliopotezana na msafara. Juzi alikuja jike wa njano. Akazunguka pale mti uliposimama, akashuka, akagusa sementi, akapanda, akashuka tena, akagusa. Ana mayai, hana pa kuyaweka. Juma akapita na toroli, nikamwambia, "Angalia." Akasema, "Nini, baba?"

Viwavi wako wamekwisha. Mmoja tu alijining'iniza kwa ukingo wa beseni, bado mdogo, na njaa yake, akajifunga ndani ya gamba. Jana asubuhi akatoka. Kipepeo kama ukucha, bawa moja limejikunja. Nikamweka kwa dirisha lako, jua limkaushe, bawa linyooke. Halikunyooka. Basi akaanza kutembea kwa miguu, Mama Zuhura. Upande wa ziwa. Nikakaa namwangalia mpaka ubao wa dirisha ukaisha.

Lala, mama. Ukisikia huku kimya, usiseme nimekufa. Ni uongo umeniishia.

Mume wako,
Baba Zuhura