Pingamizi la Ploti 214

Al Barsha, Dubai
Jumapili, baada ya zamu

Kwa dada yangu Teresiah,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Alfred. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima pamoja na watoto, Mama na wateja wako wote, hata wale wanaolala mezani. Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi ya huko? Mimi ni mzima. Joto la huku limeanza, na ukishika kitasa cha nje saa sita mchana unajuta kuwa na mkono.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu tunazo. Nimempa Mercyline, anayekuja likizo, akuletee mkononi. Kuna neno ambalo nikilisema kwa simu utanikatia kabla sijafika katikati. Karatasi huwezi kuikatia. Unaweza kuichana, lakini naomba uisome kwanza.

Kwanza hongera. Uliponiambia kaunti imekataa ombi la yule tajiri aliyenunua ploti unayopanga, la kuvunja baa yako ili vijengwe vyumba vya kupangisha, nilicheka peke yangu mapokezini hadi madam mmoja akauliza kama niko sawa. Ya huko umenisimulia. Sasa sikiliza ya huku, maana hujawahi kuniuliza ile barua ya pingamizi iliandikwa na nani. Ulidhani ni mimi, ambaye barua ya kuomba ruhusa ya siku moja hunichukua siku mbili.

Iliandikwa na Mzee Khelef, Mzanzibari wa ghorofa ya nne katika jengo ninalolinda. Miaka thelathini alichora ramani za majengo hapa mjini. Sasa amestaafu, na baada ya swala ya Alasiri hushuka kukaa nami. Siku uliponitumia picha ya notisi iliyobandikwa mlangoni pako, kwamba mwenye pingamizi alilete ndani ya siku kumi na nne, nilimwonyesha. Akavaa miwani, akauliza baa ni mahali gani hasa, kwa kuwa hajawahi kuingia hata moja. Nikazungukazunguka: pana viti, pana nyama choma, watu huzungumza. Akauliza kama pana pombe. Nikasema ipo kidogo. Akavua miwani, akasema basi hiyo kidogo tutaiacha nje ya barua.

Dada, mzee yule aliipigania baa yako kama nyumba ya mama yake. Alitaka kujua mpango wa ardhi wa senta yetu ya biashara unasemaje, ndiyo maana nilikusumbua uende kwa afisa wa mipango ukapige picha ramani. Alipoona ploti yako imepakwa zambarau, yaani mahali pa jamii kukutania, na kwamba ni hiyo moja tu senta nzima, alipiga meza. Akasema mpango ukishapitishwa si pambo la ukutani, na anayetaka kuugeuza ndiye athibitishe kwamba watu hawapahitaji tena. Akaanza kunihoji: kamati za mazishi hukutania wapi, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hufanyia wapi mikutano, penye harusi viti huazimwa wapi. Kila jibu lilikuwa kwako. Hata kamati ya ujenzi ya kanisa hukaa kwako, jambo ambalo Mama asilijue. Zikatoka kurasa tatu, na neno bia halimo. Bi Hilwa, mkewe, alituletea chai, akasomewa, akasema angekuwa jirani, naye angetia sahihi, maana mahali penyewe panaonekana pana heshima.

Mwishoni Mzee akaniambia nimsomee namba ya ploti kwenye notisi ili aiandike juu ya barua. Nikaisoma, nikarudi kuiangalia tarakimu moja moja. Ndipo ukapiga simu, ukauliza mbona sauti yangu imekauka, nami nikakwambia ni baridi ya eisi, ile mashine ya kupoza hewa. Haikuwa eisi.

Mwaka jana kampuni moja ya ploti ilikuja kutuuzia ardhi ya nyumbani kwenye ukumbi wa hoteli hapa, na soda za bure. Wakala wao, anaitwa Doris, alisema ana ploti katika senta yetu, karibu na barabara, na kwamba jioni panachangamka sana. Picha ilionyesha ua wa nyuma na migomba. Jengo la mbele alisema ni kibanda cha zamani kitakachoondolewa. Nikadhani ni upande mpya wa senta, kule kwenye zahanati. Nikatoa akiba yangu ya miaka tisa ya kusimama, nikawaachia wao waombe kibali kwa jina lao, nikanyamaza ili siku moja nikushangaze. Mkataba niliusoma kila siku kabla ya zamu. Ploti ni 214.

Tajiri uliyemlaani miezi mitatu, ukamwombea avimbe miguu, ni mimi. Na miguu imevimba kweli, ingawa nadhani ni kwa sababu ya kazi.

Nilimweleza Mzee yote. Akaweka kalamu chini, akaniuliza: nikirudi kwetu, nikishavijenga hivyo vyumba, jioni nitakaa wapi? Nikafungua mdomo kujibu, na jibu lilikuwa kwako. Nililia pale mapokezini na sare yangu. Ningeweza kumwambia Doris aondoe ombi, lakini najijua, mwaka ujao tamaa ingerudi. Nilitaka kaunti yenyewe inikataze. Mzee akasema khalas, basi yameisha, tia sahihi. Nikatia. Nimejipinga mwenyewe, dada, na nimeshinda.

Nimeona aibu kukuficha. Nilikuwa karibu kukutoa mahali ulipolelea watoto wako, kwa sababu sikuuliza swali moja. Nitukane utakavyo, ila usiache kuongea nami.

Nisalimie watoto na majirani. Mama amekuwa akifunga kila Ijumaa ili baa hiyo ifungwe, na wiki jana aliniambia aliyetia sahihi pingamizi hilo Mungu atamfichua siku moja. Naomba umwambie wewe, ukiona amekaa vizuri na fimbo yake iko mbali. Wewe ndiye mkubwa.

Ni mimi mdogo wako, tena mwenye nyumba wako,

Alfred