Diski Iliyokuwa Kwenye Droo ya Kaka

Uko? Nimefuta sauti za marehemu mama tulizomrekodi. Zote.

Unamjua kaka na BSD yake, ule mfumo unaoendesha kompyuta yake, eti umejengwa na mafundi walewale kuanzia msingi mpaka paa. Mimi na kompyuta yangu yenye Linux tatu, mifumo ya aina nyingine, kila moja na fundi wake, nilikuwa namcheka.

Leo nimekuta diski kwenye droo yake. Linux ya kwanza ikasema haiitambui. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu ikauliza, niifute tuanze upya? Nikabonyeza ndiyo. Mimi mwenyewe, kwa kidole hiki.

Kumbe ilikuwa imeandikwa kwa BSD, ndiyo maana Linux zangu hazikuisoma, na sauti za mama zilikuwa humo.

Kaka hakunigombeza. Heri angenigombeza. Amekaa kwenye kitanda cha mama, akauliza, "Hata ile anayotuita tuje kula?"

Nikamwambia hata hiyo.