Mkeka wa Baba

Ijumaa, 20 Februari

Baba amewataja tena. Polisi walimwonya: imamu aombee amani ya nchi, basi. Yeye anaamini kumwombea mfungwa bila kumtaja ni kumwacha huko. Akawataja vijana wa hapa Koboko waliochukuliwa wakati wa uchaguzi, mmoja mmoja, na majina ya mama zao. Baada ya swala polisi walikuwa wanamsubiri penye viatu. Alivaa polepole. Wamempeleka Arua.

Mama alipika futari ya watu wengi, kama kawaida. Nikatandika mkeka mbele ya nyumba. Kila Ramadhani majirani huleta sahani zao hapo, wafuturu na Baba.

Hakuna aliyekuja.

Jumatatu, 23 Februari

Shule. Sule aliniuliza kama wafungwa wa Arua wameshapata imamu au bado wanatafuta. Darasa likacheka. Nilicheka pia — sijui kwa nini. Kutwa nzima nimesoma ukurasa mmoja wa biolojia. Figo. Sijui figo inafanya nini.

Mkeka mtupu tena. Mzee Kamisi, ambaye hukaa upande wa kulia wa Baba, alipita njia ya nyuma, sahani yake imefunikwa. Rosa Kiden, jirani yetu kutoka Sudan Kusini, alitupitishia birika la chai juu ya ua. Akaomba tusimtaje, yeye ni mkimbizi. Chai ilikuwa tamu. Zaidi ya hapo sikuhisi kitu.

Jumatano, 25 Februari

Mjomba Abiriga amekuja, bila sare. Yeye ni askari, na kila asubuhi wakubwa wake wanamuuliza habari za shemeji yake. Anasema Baba ataachiwa akikubali kusimama Ijumaa hii mbele ya waumini, aseme alikosea. Akikataa, kesi — huko Kampala. Mama alifunika uso kwa mtandio. Mjomba akanigeukia, na Kiswahili chake cha kambini.

"Wewe nasoma sana, yeye nasikia wewe. Mwambia kweli tu. Mwambia mkeka iko bure, hakuna mutu nakuja."

Anajua hicho ndicho kitakachomvunja. Mimi pia najua. Nataka arudi nyumbani. Nimeitikia.

Alhamisi, 26 Februari

Arua. Naandika kwenye benchi nje ya kituo. Mjomba bado yuko ndani na wakubwa.

Baba amekonda. Wamemnyang'anya kofia. Sijazoea kukiona kichwa chake. Njia nzima kutoka Koboko nilikuwa nikirudia ile sentensi kimoyomoyo. Fupi tu. Akaniwahi.

"Binti yangu, watu wanakuja mkekani?"

"Wanakuja, Baba."

Mjomba alinitazama.

Baba akafunga macho kidogo. Akauliza nani anakaa mahali pake. Nikasema Mzee Kamisi. Na wengine? Nikaanza kuwataja, mmoja mmoja, na sahani walizoleta.