Vidole vya Kemboi

Nakuru, 6 Machi 1956

Dada yangu Cheptanui,

Salamu tele. Mimi mzima, na kama nawe hujambo basi keti chini kwanza: kutoka Mai Mahiu mpaka Molo hakuna mfupa usiojua jina langu. Ukivunjika tu unauliza, "Micah yuko zamu?"

Ulijionea juzi. Koti jeupe, eh! Yule daktari Mzungu ni mgeni, Kiingereza tu, na darasa langu la nne linatosha kukigeuza kuwa maneno ya watu. Bila mimi angemfunga Kemboi plasta mguuni badala ya mkononi. Mwambie mjomba wake amesema: mwanaume akianguka kutoka mgongo wa ndama, watu huambiwa ni fahali.

Nilivyokwambia ndivyo hivyo. Plasta isiguswe, na msirudi mpaka wiki sita ziishe. Akilia, mpe maziwa. Laiti nami ningeyapata! Chai ya hapa ni maji yaliyopita karibu na majani.

Ndugu yako,
Micah, dresa, mfunga majeraha wa hospitali

Njoro, 12 Machi

Ndugu yangu Micah,

Hujambo? Sisi tupo, ila si wote wazima. Siku ya pili vidole vya Kemboi vilivimba, vikawa baridi. Alilia siku mbili mfululizo. Baba yake akashika kisu aipasue plasta, nikasimama mlangoni: "Micah amesema isiguswe!" Sasa halii. Nikimgusa vidole, ananiuliza kama nimeshagusa.

Kibuyu chako cha maziwa nakijaza, hakuna wa kuyanywa, namwaga, najaza tena. Njoo, ndugu yangu. Njoo umwangalie wewe unayejua.

Dada yako,
Cheptanui

Nakuru, 20 Machi

Dada, barua yako ililala wiki nzima kwenye mfuko wa posta wa Mzungu mwenye shamba mnalokaa. Mlete. Usijibu, mlete leo.

Micah

Nakuru, 29 Aprili

Dada yangu,

U hali gani? Na Kemboi, anaweza kushika kijiko? Wiki tano hujaniandikia.

Siku mliyokuja nilikuwepo, nimejificha ndani ya stoo ya mashuka, nachungulia. Plasta ilipokatwa niliona mkono umenyooka vizuri, lakini vidole vimekunjika, na daktari hakuweza kuvifungua. Ukamwuliza dresa Kang'ethe, "Ndugu yangu Micah yuko wapi?" Akasema, "Micah yupi? Yule wa kufagia?"

Ndiye huyo. Mara ya kwanza Kang'ethe alikuwa likizo, nikavaa koti lake. Natamani nyumbani mpaka ng'ombe wa watu wakipita hapa barabarani natoka kuangalia kama ni wetu.

Daktari hakusema wiki sita tu. Alisema umrudishe kesho yake asubuhi aangalie vidole, na vikivimba plasta ipasuliwe hapo hapo. Nilimwelewa, dada, kila neno. Lakini asubuhi ndiyo saa yangu ya kuosha wodi. Ungenikuta na ndoo.

Sikukuambia.

Ndugu yako, kama bado,
Micah