Ile Barua Niliyokusomea Uongo

Nakivale, Jumapili baada ya ibada

Neema mjukuu wangu, najua karatasi hizi zimefika kwanza mikononi mwako, kwa sababu bibi yako hasomi. Mketishe karibu na dirisha, mpe chai yake, kisha msomee kwa sauti. Nakuomba jambo moja tu: soma kila neno kama nilivyoliandika. Usiruke, usilainishe, hata ukiona aibu kwa ajili yangu. Sababu utaikuta mbele.

Faida mdogo wangu, umeamkaje? Goti la kushoto bado linakuambia mvua itanyesha? Na maji ya ziwa, yamerudi mahali pake au bado yanafika kwenye ukuta wa jiko? Mimi huku nipo. Miguu haipo, pumzi ipo nusu, lakini akili ipo yote, pamoja na meno manane. Daktari wa Mbarara, binti mpole mwenye sauti ya chini, aliniambia moyo umechoka, nihesabu wiki, nisihesabu miezi. Nilimshukuru. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane, wiki naziweza.

Usilie. Barua hii ina furaha kuliko zote nilizokuandikia tangu niingie Uganda, kwa maana uzeeni huku nimekuwa mwigizaji wa sinema.

Neema, ngoja amalize kucheka.

Ilianza hivi. Mwaka jana, asubuhi moja, alikuja kwangu Riziki, fundi cherehani wa hapa sokoni, binti wa kwetu aliyefika kambi hii ya wakimbizi akiwa mgongoni mwa mama yake. Alikuja na wenzake watatu. Watu wengi huja niwasahihishie barua zao za kuomba hiki na kile, kwa hiyo nikavaa miwani kabisa.

"Mwalimu, tumekuya kuomba kiti," akasema.

"Kiti gani? Nina mabenchi mawili."

"Ile unaikalia."

Kumbe wanatengeneza sinema kwa simu, na picha zao zilikuwa zinatikisika kama zimepigwa na mtu anayefukuzwa na nyuki. Lakini mpigaji akikaa kwenye kiti cha magurudumu, na mwingine akamsukuma polepole, picha inateleza kama mafuta. Nikauliza mimi nitakaa wapi. Riziki akatazama huku na huku, akanipindulia kreti ya soda.

Basi nikakaa kwenye kreti nikiwatazama. Faida, ungewapenda. Kipaza sauti chao wamekivika soksi ya mtoto na kukifunga kwenye mti wa ufagio. Taa yao ni bati jipya linalorudisha jua usoni mwa mtu. Jogoo wa jirani aliwasumbua mpaka wakamfunika na kapu, akawika ndani ya kapu. Siku nyingine, mwigizaji akiwa katikati ya maombi mazito, ng'ombe wa pembe ndefu walikuja wakapita kati yake na simu, wote, bila haraka, na mchungaji wao akatusalimu. Riziki hakuwafukuza. Alisema, "Acheni bapite, benyewe ni bazuri kutupita sisi."

Kulikuwa na kijana aliyepakwa unga kichwani ili aonekane mzee. Nilivumilia siku tatu. Ya nne mdomo ukanishinda.

"Huyo mzee wenu ni mwongo," nikasema. "Mzee hashiki kiuno. Mzee anashika ukuta."

Riziki akageuka. "Sasa kuya utuonyeshe, mwalimu."

Wakati ule miguu ilikuwa bado inakubali kidogo; nikasimama, nikashika ukuta, nikatembea hatua sita. Nilipogeuka, yule kijana alikuwa tayari ananawa unga.

Hivyo nikapata kazi. Mwenzangu alikuwa Mama Spesi, Mrundi, muuza maharage, Mkatoliki wa kila asubuhi, mwenye ulimi usiopumzika. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, umezoea kupa watoto alama. Leo tutakupa weye." Nilipopata maneno yangu sawasawa alinipa saba juu ya kumi. Hajawahi kunipa nane.

Shida zilikuwa nyingi, lakini nikizikumbuka nacheka. Simu ilijaa, ikabidi tuchague kipi kifutwe, maombi au ng'ombe. Tukafuta maombi. Hadithi nzima ilitakiwa kuwa ya siku moja, lakini katikati yake nililazwa Mbarara majuma matatu, na niliporudi mahindi ya nyuma ya nyumba hayakutungoja. Kwa hiyo ninaingia mlangoni mahindi yakinifika gotini, natoka nayo yamenipita kichwa. Tulipopeleka picha Kakiika, pale Mbarara, kwa Tumwine, Mnyankole anayetengeneza video za harusi, ambaye ndiye anatukatia na kuunganisha, alisimamisha picha akaniangalia.

"Muzee, wewe naingia nyumba iko na mashavu. Natoka, mashavu hakuna. Hapa ndani kulikuwa nini?"

"Kulikuwa mke wake," akajibu Mama Spesi.

Nilicheka mpaka wakaniletea maji.

Baadaye umeme ukaja kwa nguvu kupita kiasi, kompyuta ya Tumwine ikafa na kazi yote aliyokwisha kuunganisha. Riziki alirudi kwenye cherehani yake na nikamwona anapiga pindo la gauni la bibi harusi huku machozi yanadondokea kitambaa. Kesho yake alifika mlangoni kwangu mapema. "Tunaanza tena, mwalimu. Kiti iko fasi gani?"

Sasa sikiliza vizuri, Faida. Tulipokuwa tunaanza upya, Riziki alisema hadithi ya kwanza haikuwa na moyo. Akaniuliza, pini zikiwa mdomoni, "Mwalimu, ni jambo gani ulifanya, hata ukimwambia Mungu unashusha sauti?"

Nikamwambia kuna mwalimu mmoja nilimfahamu zamani. Nikamweleza alichofanya. Akasikiliza, akatoa pini moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo.

"Huyo mwalimu angali muzima?"

"Yuko."

"Na dada yake?"

"Yuko Uvira."

"Anajua?"

Ndiyo maana naandika.

Unaikumbuka Krismasi ile uliyocheza Herode kanisani. Ulikuwa na miaka kumi na sita, na mvulana aliyepewa Herode aliumwa malaria, na wewe, uliyeachishwa shule darasa la tatu, ulikuwa umeyashika maneno ya watu wote kwa kusikia tu. Walikuvika koti la mchungaji. Ulipouliza, "Yuko wapi huyo mfalme mwingine?" mtoto mmoja mbele alianza kulia na mzee wa kanisa akatazama nyuma yake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya. Nilicheza mchungaji wa kondoo. Nilikuwa na maneno manne. Nikayasahau yote manne, na wewe ukayasema kwa niaba yangu, kwa sauti ya Herode, na kanisa zima likacheka.

Siku hiyo kulikuwa na mgeni kutoka Bukavu, kiongozi wa kundi la michezo ya jukwaani. Alizungumza na Baba. Baba akasema, wakiandika barua, nitamruhusu. Ulingoja barua hiyo tangu mvua hadi kiangazi. Ikafika. Ilikuwa ya Kifaransa, na nyumbani kwetu msomaji alikuwa mmoja.

Baba aliketi kwenye kiti chake, wewe ulisimama mlangoni na unga mikononi. Nikafungua bahasha na nikasoma kwamba wanasikitika, nafasi zimejaa, wanakutakia kila la heri. Wewe ukasema, "Haiko neno," ukarudi kwenye bugali.

Faida, barua haikusema hivyo. Ilisema: "Mleteni binti huyo hata akija na nguo moja. Sauti yake inatosha." Iliandika siku ya kufika na jina la mama ambaye ungelala kwake. Baba alipotoka niliitia kwenye makaa. Miaka mingi nimejiambia nilifanya hivyo kwa kulinda heshima yako, maana watu walisema vibaya juu ya wasichana wa jukwaani. Huo nao ni uongo. Nilikuwa na wivu. Nilikuwa nimesoma miaka yote ile, na watu walitoka kanisani wakilitaja jina lako.

Neema, hapo usiruke. Rudia kama hakusikia vizuri.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kosa nililifanya kwa karatasi, na nimeona inafaa lirudi kwa karatasi.

Hiyo ndiyo hadithi aliyoipiga Riziki, akaiunganisha na picha za ng'ombe na mahindi zilizokuwa zimebaki kwenye simu. Katika sinema mimi na Mama Spesi ni ndugu wazee, kwa sababu vijana hatukuwa nao wa kufanana nasi. Ananiletea barua nimsomee, namsomea uongo. Tulirudia mara tisa. Nikifika kwenye nafasi zimejaa nilikuwa naikunja karatasi. Mara ya sita Mama Spesi aliacha kuwa dada akawa muuza maharage: "Mwalimu, soma basi. Maharage yangu iko peke yake sokoni." Mara ya tisa nikasoma mpaka mwisho, na yeye akasema "Haiko neno," maana Riziki alikuwa amempa maneno yako mwenyewe. Nilishindwa kunyanyua macho. Riziki akaacha simu iendelee. Mama Spesi alininyima alama siku hiyo. Alinishika tu bega.

Wiki iliyopita tumeionyesha hapa, katika banda wanapotazamia mpira, saa nane mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Tumwine alikuja kutoka Mbarara na mashine yake ya kurushia picha ukutani. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama. Kwenye mahindi walicheka kama ilivyotakiwa, na mtu akauliza ni mbolea gani ile. Ng'ombe wakapigiwa makofi. Kisha ikaja barua. Nilipomaliza kusoma uongo wangu, mama mmoja nyuma, nisiyemjua, akasema kwa sauti, "Muongo weye."

Faida, nimelingoja neno hilo miaka hamsini na mitano. Sikujua kwamba likifika mtu anapumua. Nilicheka na kulia pamoja, na wale waliokaa karibu walifikiri ninaigiza.

Na hapo ndipo nilipoelewa nilichokunyima. Nilijua ni safari ya Bukavu, na jina. Sikujua kwamba ni raha hii ya kusimama mbele ya watu na kuwashika pumzi. Mimi nimeionja nikiwa na miaka sabini na minane, mwaka mmoja tu, na imenitosha kufa nayo. Wewe ulizaliwa nayo.

Jirani yetu anayekwenda Uvira kumtazama mama yake ndiye amebeba barua hii, na ndani ya bahasha mna kadi ndogo ya simu yenye sinema. Nimemwomba akupe karatasi kwanza. Sikutaka uyajue haya kwa kuyaona ukutani kama watu wa banda.

Utaona sinema inakatika ghafla, baada ya mzee kuungama. Si kosa la umeme. Riziki alikataa kumpiga picha Mama Spesi akijibu. Alisema, "Mama Spesi haiko dada yako, mwalimu. Jibu haiko yake." Kwa hiyo sehemu ya mwisho haijapigwa. Inakungoja wewe.

Neema, utafanya hivi: asubuhi, jua likiwa bado liko chini, mketishe bibi nje, asitazame jua, liwe upande wake wa kulia. Upande wa kushoto simamisha bati. Simu ilale, isisimame. Jogoo mfunike na kapu, ingawa haitasaidia. Halafu bibi aseme anachotaka. Akitaka kunilaani, anilaani. Riziki ameapa hatakata hata neno. Akitaka kunyamaza, anyamaze mpaka simu ijae. Akitaka kuwa Herode, koti lolote litafaa. Mimi sitakuandikia la kusema, Faida. Mara ya mwisho nilikuchagulia mimi.

Ukituma jibu mapema nitaliona. Ukichelewa, wataliona watu wa banda, na Mama Spesi ameahidi kukupa alama. Anasema wewe unaweza kupata nane.

Nisalimie shemeji fundi viatu, umwambie viatu alivyonishonea bado vizima ingawa havitembei. Nisalimie binamu yetu mpiga kengele wa kanisa, na shangazi kama bado anawasahau watu wote isipokuwa wanaomdai chumvi. Mbariki mama yake Neema kwa kumpeleka binti yake shule. Na wewe Neema, kama umesoma mpaka hapa bila kuruka, umekuwa msomaji mwema kuliko mimi.

Jambo la mwisho. Kabla ya kupiga picha, Riziki hapigi kelele. Anangoja mtu atulie, anamtazama machoni, halafu anasema neno moja, taratibu, kama anamwalika kutembea. Nimemwomba nilitumie.

Umeketi, mdogo wangu? Jua liko upande wa kulia?

Twende.

Yaya wako, kaka yako mkubwa Enoki,
mchungaji wa kondoo