Ndege Nilizomfundisha Hayat

Jumamosi, 1 Machi 2025

Nimeshinda Silanga kwa kina Hayat. Wiki ya tatu hii namfundisha ndege. Fomu za uhudumu wa ndege tulituma pamoja Januari, na wakikuita interview lazima uzijue ndege zote za kampuni. Mimi nilizisafisha ndani miaka miwili, nazijua. Yeye anachanganya.

Dreamliner ndiyo kubwa, nikamwambia, ya safari za mbali – viti tisa kwa safu, mabawa yamepinda kwenda juu. 737, viti sita. Embraer ndiyo ndogo, ya Kisumu na Mombasa. Viti vinne, viwili huku viwili kule, hakuna anayebanwa katikati.

Akasema hiyo ndiyo yetu, mimi na yeye, dirishani. Tulicheka hadi mama yake, Mama Sitelbanat, akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Alhamisi, 6 Machi

Kampuni bado kimya. Simu yangu iliibwa hapa stendi ya 46 kabla hatujajaza fomu, kwa hivyo niliandika namba ya Hayat. Sasa nina kabambe, kasimu ka vitufe, lakini fomu ilishaenda.

Nimemuuliza tena leo. Anasema hawajapiga, nivumilie. Hakuniangalia. Labda ni saumu, amechoka.

Jumanne, 11 Machi

Nyongesa wa mlango wa pili hupakia mizigo kule airport. Nimemkuta akichota maji. Akaniuliza mbona jana sikwenda interview, alimwona rafiki yangu kwenye foleni. Nikasema labda alimfananisha. Akasema ni Hayat, hata walisalimiana. Skati nyeusi, viatu vyekundu vya kisigino.

Hivyo viatu ni vyangu. Aliviazima Jumapili, akasema kuna harusi. Harusi gani katikati ya Ramadhani? Hata sikuuliza.

Jumatano, 12 Machi

Nimetembea kwa miguu mpaka Silanga. Nilimkuta amekaa mlangoni anakata sukuma. Nikamuuliza kama walipiga.

Aliendelea kukata. Kisha akasema walipiga Jumatano iliyopita. Walitaja majina yote mawili. Walitaka kujua kama mimi, Kasiva, nitapatikana.

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba umerudi kwenu Kitui. Umeolewa."

Umeolewa. Hata hiyo aliongeza.

"Wewe unajua kila kitu, Kasi," akasema. "Ningekaa kando yako wangeniona mjinga."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, njiani karibu na bwawa, wauza makaa wakinitazama.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nilipiga simu kwa kampuni. Orodha imefungwa. Msichana aliyepokea alikuwa mpole, hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mchana akapiga Mama Sitelbanat. Hajui lolote. Hayat amepita, Jumatatu ni awamu ya mwisho, maswali ya usalama. "Njoo ufuturu na sisi, binti yangu, umsaidie. Wewe ndiye unazijua hizo ndege."

Sijui kwa nini nilienda.

Gurusa, zile chapati laini za Kinubi, zilikuwa moto moto, na mchuzi wa kuku. Mama akaniwekea paja, mwanawe akampa shingo. Kisha akamwambia Hayat, uliza basi, mwenzako ametoka mbali. Akafungua daftari. Embraer ina milango mingapi ya dharura juu ya mabawa?

Mmoja kila upande. Nimeipangusa hiyo milango siwezi kuhesabu mara ngapi.

"Miwili kila upande," nikasema.

Akaandika. Akaipigia mstari. Halafu akaniangalia, mara ya kwanza tangu Jumatano, akasema asante, Kasi. Macho yalikuwa mekundu.

Ningeweza kusema ngoja, nimekosea. Chai ilimiminwa, nikanywa, ikaisha.

Mlangoni Mama Sitelbanat alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu akulipe kwa unavyomfanyia mwanangu. Nikasema amina.

Hayat ameniomba nirudi kesho. Hajamaliza Dreamliner. Nimekubali.