Mke Wangu Aniuliza Maana ya Sinema, Mimi Nimeona Bawaba

Mshauri wangu, shikamoo, nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi maana ikipita hiyo utakuwa unamjibu mtu asiye na mke. Mimi ni seremala, nina karakana yangu, silewi, sigombi, nyumbani narudi mapema, lakini mke wangu amepata sinema moja kwenye simu yake, ameshaitazama mara sita, na Jumapili akanikalisha kwenye kochi niitazame naye, nikakubali nikidhani ni mapenzi, kumbe mtihani. Ni habari ya mume na mke waliofiwa na mtoto, wakaenda milimani wakakwama kwenye theluji siku kumi na moja, hawana kuni, ikabidi wachome fanicha moja moja wasife kwa baridi, na mshauri, wakaichoma meza ya mbao ngumu iliyoungwa bila msumari hata mmoja, na kando yake lipo kabati la mbao za kubandika ambalo mimi ningelichoma hata bila theluji! Mwisho kikabaki kiti cha mtoto, yule mume akakishika, akamwambia mkewe, "Pole," wakakumbatiana, na mke wangu akalia mpaka mabega yanatikisika, kisha akasimamisha picha akaniuliza, "Fundi, umeona nini?" Tangu tupate msiba ananiita Fundi, kama mteja.

Nikamjibu ukweli, kwamba mlango wa ile nyumba umefungwa bawaba upande usiofaa, ndiyo maana theluji inaingia. Akazima simu. Akasema Jumamosi ataniuliza tena, na nikimletea habari za bawaba anahamia kwa dada yake.

Sasa na sisi tulifiwa, mwaka jana, binti yetu wa miezi minne, lakini nilijikaza, nikapanga viti, nikapokea wageni, na kitanda chake nikakiondoa chumbani siku ya tatu ili mama yake asikione. Mke wangu ananilaumu kwamba sikumpa pole hata siku moja. Ni kweli, ningempaje? Pole anapewa mfiwa, na mfiwa ni mimi pia, sasa mfiwa ampe pole mfiwa, si tutakuwa tunachezeana? Na kitanda anaamini nimekiuza. Sijakiuza, kiko karakana juu ya rafu, nimekifunika shuka, wateja wakikiulizia nawaambia kina mwenyewe. Shida yangu ni moja tu: niandikie maana ya sinema hiyo, kwa kifupi, niikariri.

Seremala

*

Marahaba, Seremala. Hiyo sinema sijaiona wala sina haja, umenisimulia yote mpaka misumari ambayo haikuwepo. Kuhusu meza nakuunga mkono, walikosea. Lakini hayo mengine, loo! Hivi hicho kichwa chako umekipiga randa?

Nani alikudanganya kwamba mfiwa hampi pole mfiwa mwenzake? Wageni walikupa pole siku nzima, ukazipokea zote, na mwanamke aliyembeba yule mtoto tumboni alikuwa anangoja moja tu, ya kwako. Mwaka mzima! Alipoikosa akaenda kuitafuta kwenye simu, kwa mwanamume asiyemjua, tena aliyekwama kwenye theluji. Mara sita. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliweka miwani mezani kwanza. Na wewe pole, baba. Najua ulijikaza, ila ulijikaza mpaka mkeo akadhani huumii.

Kwa hiyo hakuna cha kukariri, na usingoje Jumamosi. Kesho mchana funga karakana, mlete mkeo, shusha kile kitanda, ondoa shuka. Mwambie maneno yale yale unayowaambia wateja. Halafu mpe pole, naye akikupa yako uipokee, usianze kumweleza habari za mfiwa na mfiwa. Machozi yakija yaache yaje, kisingizio cha vumbi la mbao unacho.

Na kwa kuwa nakuona jinsi unavyofuata mambo neno kwa neno: usikichome! Hiyo ni ya sinema. Wewe kirudishe nyumbani, mkakae nacho wawili.

Bawaba zako zifungie mdomoni. Siku mkeo akikuita jina lolote lisilo Fundi, hapo mrudi kwenye kochi, muitazame mara ya saba, na umwoneshe ule mlango.